Ufunguo Uliokuwa Upande wa Mama

Enzi zetu, kule kwetu juu ya Soni, gari lilibembelezwa kwanza ndipo liwake. Wenzangu mliokulia milimani mnanielewa. Asubuhi ya mwezi wa saba, ukungu umeshuka mpaka mlangoni, vidole vimekufa ganzi, na kila mwenye gari amelilaza kwenye mteremko, pua inatazama bondeni, jiwe limekaa mbele ya tairi. Ukiona gari limeegeshwa sehemu tambarare ulijua mwenyewe ni mgeni kutoka Tanga, na kwamba kesho yake atapita nyumba kwa nyumba kuomba watu wa kumsukuma.

Letu lilikuwa pikapu ya kijani iliyopauka. Baba aliinunua wakati wa Uhuru, kwa mzungu mmoja mwenye shamba aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao. Swichi yake ya asili ya ufunguo ilikuwa imeshakufa, na fundi wa yule mzungu alikuwa ameweka nyingine pale alipopata nafasi: kushoto kabisa mwa dashibodi, mbele ya magoti ya abiria. Choki nayo, ile ya kuvuta injini ikiwa baridi, akaipeleka hukohuko. Kwa nini, hakuna aliyejua. Baba alikuwa akisema yule mzungu alimwogopa mkewe, ndiyo maana akamwachia ufunguo. Mama akisikia hivyo alisonya, halafu akageukia pembeni acheke asionekane.

Stata ilikuwa marehemu. Breki ya mkono ilikuwa jina tu. Basi gari lile likawa haliondoki bila watu wanne, na sisi nyumbani tulikuwa wanne kamili. Baba alishika usukani, gia na klachi. Kaka yangu Zakaria alisukuma. Mimi kitinda mimba niliondoa jiwe. Mama alikaa kushoto na ufunguo wake. Kabla ya safari yoyote, hata ya kwenda kanisani tu hapo chini, Baba alituita kwa kazi zetu, shingo ameitoa dirishani.

"Jiwe?"

"Lipo, Baba!"

"Mgongo?"

"Upo!" Huyo ni Zakaria, mabega tayari yameegemea bodi.

"Ufunguo?"

Hapo tulisubiri. Mama hakuwa mtu wa kukimbizwa. Atakaza kilemba kwanza. Atavuta khanga juu ya sweta. Ataweka kikapu chake sawa miguuni, kile chenye viazi vya kuchoma vilivyofungwa kwenye jani la mgomba, harufu imeshatutoa udenda sote. Ndipo ajibu, taratibu kabisa, "Upo tangu jana. Twende."

Nilivuta jiwe, Zakaria akasukuma, na gari likaanza kuteremka kimya kimya, husikii kitu ila kokoto chini ya matairi. Kwenye kona yenye miti ya miwati Baba aliachia klachi. Gari likakohoa, likatikisika lote, likakohoa tena, moshi puu! Mama akawa anarudisha choki kidogo kidogo huku ametega sikio, maana ukiirudisha haraka linazima, ukichelewa linakabwa. Mimi na Zakaria tulikuwa nyuma tunakimbia, jiwe nimelikumbatia kifuani, mpaka tuliporukia juu ya kabichi za kupeleka sokoni. Jiwe lilisafiri nasi kila mahali, maana huko tulikokwenda nako kulikuwa na mteremko. Vijana wa leo gari likiwagomea wanatoa simu wanapiga picha. Sisi tulitoa migongo.

Siasa ya Ujamaa ilipofika kwetu, balozi wetu wa nyumba kumi alisimama siku moja akatazama lile zoezi lote, akatikisa kichwa. "Hili sasa ndilo gari la Ujamaa," akasema. "Mmoja akigoma, wote mnalala." Jina likaganda hapohapo. Tukiingia sokoni Soni watoto walipiga kelele, "Ujamaa limefika! Ujamaa limefika!" na Baba akapunga mkono utadhani mkuu wa mkoa.

Na kweli mmoja alipogoma tulilala. Kuna siku ya gulio, Baba alikuwa amekaribisha wageni usiku uliopita bila kumwambia Mama, na Mama akawa amewapikia makande huku amenuna. Asubuhi akakaa mahali pake, akakunja mikono. Mimi kwa kiherehere changu nikavuta jiwe kabla Baba hajamaliza kuita.

"Ufunguo?" Gari limeshaanza kutembea.

"Ufunguo? Mama Zakaria, kabichi zinanyauka!"

"Si uwaite wageni wako wakuwashie?"

Baba akaona isiwe tabu, akajinyoosha auzungushe mwenyewe. Alipojilaza mapajani mwa Mama kuutafuta ule ufunguo, usukani ukabaki hauna mtu, na Ujamaa likaingia moja kwa moja kwenye maharage ya jirani yetu Mzee Hoza. Likasimama katikati ya shamba. Mzee Hoza akaja mbio na jembe mkononi, akachungulia dirishani, akamkuta Baba bado kichwa kiko mapajani mwa mkewe na Mama anacheka mpaka machozi yanamtoka. "Bwana wee," akasema, "hata kama unampenda, si kwenye maharage yangu!" Tulikwenda wote kumpandia upya maharage yake, na kwa muda mrefu watu wa Soni walimsalimia Baba kwa kumwuliza hali ya maharage.

Nimeyaandika haya nikicheka peke yangu sebuleni. Hiyo ndiyo shida ya kukumbuka mambo ya kuchekesha ukiwa umebaki mwenyewe. Unageuza shingo kumtafuta wa kucheka naye.

Zakaria ndiye aliyeanza kuondoka. Alikwenda Jeshi la Kujenga Taifa, kisha akapata kazi Mwanza, akaoa hukohuko, na Mwanza zamani hizo ilikuwa mbali kuliko ilivyo sasa. Mimi nikaenda chuo cha ualimu, nikapangiwa Singida. Enzi zetu ulikwenda ulikopangiwa, hukuwa na mjadala. Wakabaki wawili. Mama alinisimulia nilipokuja likizo jinsi wanavyofanya: anaondoa jiwe yeye mwenyewe, anakimbia kuzunguka mbele ya gari linaloteremka, anarukia kiti chake, anawasha. Umri ule! Nilimgombeza, akacheka. "Sasa mwanangu, akiwa peke yake ataliwashaje?"

Mama alifariki kwenye mvua za vuli. Sitaki kulieleza sana hilo.

Baada ya matanga, fundi mmoja wa Soni alikuja kumwona Baba. Kijana mwema, alisoma na Zakaria. "Shikamoo Mzee. Nimeliangalia gari. Ni waya mfupi tu. Nakuhamishia swichi upande wako, nakutafutia na stata, unakuwa huru, humtegemei mtu."

"Nani alikwambia nilikuwa nimefungwa?" Baba akamjibu, akamkaribisha chai.

Mimi nilikasirika, jamani. Magoti ya Baba yalikuwa yameanza kukataa mlima. Soko lilikuwa chini, kanisa lilikuwa chini, hospitali Bumbuli huko, na gari lile ndilo lilikuwa miguu yake. Kila likizo nilimsihi. Baba, swichi tu. Baba, ni kitu kidogo. Nilimwogopea, nikamwona atakuja kukwama kule juu peke yake siku anaumwa, asipatikane wa kumteremsha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama watoto wa Singida wanajua kusoma. Gari likabaki pale kwenye mteremko, pua chini, jiwe mbele ya tairi, majani yakaota mpaka kwenye bodi.

Likizo moja niliteremka basi Soni jioni, nikapanda kilima na begi langu. Ukungu ulikuwa mzito, nyumba sikuiona mpaka nilipoikaribia. Nikasikia sauti yake kabla ya kumwona.

"Jiwe?"

Nikasimama.

"Mgongo?"

Alikuwa ndani ya gari, amevaa koti lake la kanisani, mikono miwili juu ya usukani. Matairi yalishaisha upepo. Hakuwa amechanganyikiwa, wala msidhani hivyo. Kesho yake alinihesabia jina la kila jirani na ugonjwa wake. Alikuwa amemkumbuka tu mkewe.

"Ufunguo?" akasema, halafu akasubiri. Alisubiri muda ule ule wa mwanamke kukaza kilemba na kuweka kikapu sawa.

Nikaweka begi chini. Nikazunguka mbele ya gari, nikafungua mlango wa kushoto, nikakaa mahali pa Mama. Ufunguo ulikuwa kwenye swichi, umeshika kutu. "Upo tangu jana," nikasema. "Twende."

Baba hakugeuka. Machozi yalimteremka mpaka kwenye kola. "Haya," akasema, "twende." Tukakaa pale, hatuendi popote, mpaka baridi ikatushinda. Sikumtajia swichi tena mpaka anafariki.

Sasa huku milimani ni mimi niliyebaki. Baba watoto ametangulia, watoto wako Dar es Salaam, na mwanangu mkubwa kaniletea gari. Zuri, sina lawama nalo. Halina hata ufunguo wa kuzungusha; unakaa, unabonyeza kitufe, limewaka kabla hujavuta pumzi, taa zinametameta kama duka la simu. Naliegesha hapa Lushoto mjini kwenye tambarare kama mtu wa Tanga, na kila asubuhi linakubali.

Lina kitu kimoja lakini. Nikitoka sokoni naweka kikapu cha viazi kwenye kiti cha kushoto, na kikiwa kizito gari linadhani ni mtu. Linaanza: ti, ti, ti, abiria hajafunga mkanda. Linapiga hivyo njia nzima. Wajukuu walipokuja likizo waliziba masikio. "Bibi, kihamishie nyuma basi, ni kitu kidogo tu, litanyamaza!"

Niliwapa viazi wakala. Kikapu sijakihamisha.