Bonde la Mjomba Ignasi

Felomena alirudi kutoka semina ya Nachingwea mjini na fulana mpya yenye picha ya tone la maji kifuani, na wiki nzima hakuivua. Watu wa kijiji chake, jirani na Kiegei, walimcheka. Wacheke tu. Ilikuwa mwaka 2003, mvua zilikatika Februari mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, na chemchemi pekee ya kijiji ilikuwa inadondoka kwa shida. Wanawake walichota kwa kata ya kifuu, tena kwa foleni.

Semina ilimfundisha mengi: kuchimba makinga maji kwenye mteremko, kupanda mikuyu, kuacha matete yaote. Lakini neno kuu la mwalimu wao, Bwana Elineema wa wilayani, lilikuwa moja: pale maji yanapotokea pasilimwe. Wote walipiga makofi. Felomena naye alipiga, ila alinyong'onyea, kwa sababu aliyekuwa akilima miwa na magimbi mpaka kwenye jicho la chemchemi alikuwa mjomba wake, Ignasi.

Na mjomba kwao si mtu wa kuchezea. Baba yake Felomena alipokwenda kutafuta kazi asirudi, Ignasi ndiye aliyewalisha, ndiye aliyemtoa unyagoni, ndiye aliyekaa mkekani kupokea mahari yake. Mpwa hamwambii mtu kama huyo "toka hapa". Kijiji kizima kilijua hivyo, na wengine walishaanza kusogeza majembe yao bondeni, wakisubiri kuona kama Felomena, mwenyekiti mpya wa kamati ya maji, ataanza na wa kwake.

Basi mwenyekiti akawa anazungukazunguka. Alipanda mikuyu, alisimamia makinga maji, alifanya kila kazi isipokuwa ile moja. Mpaka siku ya mkutano wa kijiji, Swaumu, jirani yake, aliposimama na ndoo tupu mkononi.

"Mwenyekiti, watoto wetu wanakunywa tope. Unamwogopa nani?"

Felomena akasimama. Alikuwa ametafuta maneno ya adabu kwa muda mrefu, na maskini alidhani ameyapata.

"Shikamoo, mjomba. Lile bonde, kwa mila yetu, litakuja kuwa letu sisi wapwa zako. Mimi naomba fungu langu leo, nilirudishie miti."

Lo! Alikuwa ameomba urithi wa mtu aliyekaa mbele yake akinusa ugoro. Kwao huko ni kumwombea kifo, na yeye kafanya hivyo hadharani. Mzee Ignasi alijikung'uta vumbi, akaondoka bila kuitikia salamu. Felomena alirudi nyumbani akilia, na hakuona haya.

Asubuhi alisikia panga bondeni. Alimkuta mjomba anafyeka miwa yake mwenyewe, mirefu, iliyokaribia kukomaa.

"Mjomba, nisamehe. Sikukusudia."

"Ulikusudia," alisema bila kugeuka. "Na ulisema kweli, ndiyo inayouma. Wenzangu wanarithiwa wakiwa udongoni. Mimi nimekupa nikiwa hai, nione kwa macho yangu utakachofanya."

Felomena alikwenda kuchukua panga lake, wakafyeka pamoja mpaka jua likawa kali. Waliosogeza majembe yao waliyaondoa wenyewe wiki ileile.

Miaka ikapita, matete yakasimama, na hata Oktoba, kiangazi kikiwa kikali, ndoo ilijaa bila foleni. Wageni walikuja kutoka vijiji vya mbali kujifunza, wakampiga Felomena picha pembeni ya chemchemi. Mzee Ignasi naye alichota hapohapo, na maji aliyasifia kwa kila mtu. Ila tangu siku ile ya mkutano hakumwita tena mpwa wangu. Alimwita mwenyekiti, kwa heshima zote, mpaka alipozikwa. Na kila alipoitwa hivyo Felomena aliitika, huku moyo unamuuma.