Mashine Iliyomwamkia Bibi

Mwalimu wetu wa kompyuta alisema mapema: mwisho wa kozi kila mtu aonyeshe kitu kimoja kinachofanya kazi. Kimoja, siyo viwili nusu nusu. Alisema huku ananiangalia mimi. Ananijua, leo naanza kitu, kesho nimeshakichoka.

Na kweli nilikuwa na viwili. Cha kwanza ni injini ya michoro: unajenga kitu ndani ya ukurasa wa mtandao, nyumba au gari, mtu anakigeuza kwa kidole anakiona pande zote. Cha pili ni huduma ya kazi za kujiendesha: unaipangia kazi mara moja, kutuma ujumbe au kupiga simu, halafu yenyewe inaifanya kila siku bila wewe kuigusa.

Moyo wangu ulikuwa kwenye injini. Nilishaanza kujenga tembe la bibi, ile nyumba ya Kigogo yenye paa bapa la udongo, aliyoiacha kijijini miguu ilipomshinda tukamleta kwetu mjini, Nkuhungu. Nilitaka aione tena. Nikamfungulia kwenye simu yangu, ikapata moto kama pasi, picha ikawa inakwama kila nikiigusa.

"Mbona ukuta unatetemeka?" bibi akauliza.

"Simu yenyewe ndogo, bibi. Subiri."

"Na mlango je? Mlango wetu ulikuwa unatazama zizi. Hapa naingilia wapi, mke mwenzangu? Dirishani kama mwizi?"

Nilicheka, nikarudi darasani kuhamisha mlango. Mlango mmoja ukanila siku nzima, na nilikuwa nafurahi kama mjinga.

Kilichonitoa huko ni dawa. Bibi ana presha. Mama anauza samaki, na akienda bwawani Mtera kuchukua mzigo analala huko mpaka aupate. Mimi asubuhi niko darasani, Miyuji. Kwa hiyo bibi anabaki peke yake na kidonge chake kwenye kisahani, na anakisahau. Siku moja nilirudi nikamkuta amekaa chini karibu na jiko, kichwa kimeegemea ukuta, anasema dunia inazunguka. Kidonge kilikuwa palepale nilipokiacha. Nilikaa naye chini, nimemshika mkono, hata sikuvua begi, mpaka akaniambia dunia imetulia.

Tembe nikaliacha na kuta tatu.

Mama aliporudi akasema, "Hiyo mashine yako inayopiga simu, si impigie bibi yako?" Kabla hajasafiri tena nikamrekodi. Akajikohoza, akasimama wima kama anapigwa picha, akasema: "Shikamoo mama. Saa ya dawa imefika. Kunywa dawa yako." Nikaipanga iwe inaingia kila asubuhi kwenye simu ndogo ya bibi, kitochi.

Ikafanya kazi! Siku ya kwanza kisahani kitupu. Ya pili kitupu. Nikaanza kuringa darasani, wenzangu bado wanahangaika na mambo yao, mimi nimemaliza.

Halafu nikarudi nyumbani nikakuta kidonge kipo. Bibi alikuwa kitandani, amegeukia ukutani, na simu ameifunika kwa kanga.

"Bibi, shikamoo. Simu haikuita?"

"Marahaba. Imeita. Nimeiacha iite."

"Kwa nini sasa?"

"Mama yako nimemkosea nini?" Akageuka. "Ananiamkia, naitikia marahaba mwanangu, umefika salama, umekula? Ananikatia. Kesho yake hivyo hivyo. Jana nimemuuliza kama anaumwa, maana sauti ilikuwa ileile. Kanikatia tena. Mimi nimemzaa yule."

Nikaona nimweleze, yaishe. "Bibi, yule siyo mama. Ni mashine, imehifadhi sauti yake."

"Mashine imeniamkia?"

"Ndiyo."

"Na mimi nimeiitikia?"

"Umeiitikia, bibi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Nimeiuliza mashine kama imekula!" Na mimi nikacheka, nikajua yameisha. Nikampa kidonge na maji. Akanywa, akanirudishia kikombe, akasema polepole, "Basi mama yako huko aliko hajui hata kama nimeamka."

Nilitoka nje, nikampigia mama. Nyuma yake watu walikuwa wanabishana bei. Nikamwambia neno lile lile la bibi.

"Siyo kwamba simkumbuki," akasema. "Nikishaingia kwenye samaki, mwanangu, asubuhi inapita siioni."

Basi kumbe anayesahau siyo bibi peke yake. Nikafuta simu ya kwenda kwa bibi. Nikaipangia huduma kazi nyingine: kila asubuhi imtumie mama ujumbe mfupi, "Mama anakusubiri umwamkie."

Siku ya kuonyesha kazi, wa kabla yangu alionyesha gari linalozunguka na taa zinawaka, watu wakapiga makofi. Mimi nikaonyesha ujumbe. Msichana wa dawati la nyuma akadakia, "Yaani kozi yote hii, umemaliza kwa kumkumbusha mama yako apige simu?" Darasa zima kicheko. Mwalimu akauliza tu, "Inafanya kazi?" Nikasema inafanya. Akaniambia nikae.

Asubuhi iliyofuata nilichelewa makusudi nishuhudie. Simu ikaita, bibi akaipokea kwa mikono miwili.

"Marahaba, marahaba mwanangu. Umeamkaje? ... Samaki wapo? ... Na huo upepo? ... Eti? Aa, dawa. Ngoja, usikate."

Akaweka simu mapajani, akatia kidonge mdomoni, akanywa maji, akaiinua tena. "Nimemeza. Umesikia? Haya, sasa niambie, umekula nini?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na begi begani, nimeshachelewa, mguu unanicheza. Kwa kawaida yangu ningesema bibi, fupisha. Nikavua begi, nikakaa kizingitini. Mama alikuwa bado anaelezea ugali.