Mfuko wa Upepo na Kopo la Wanga

Ukinikuta Mikindani au Ufukoni siku yoyote, utanikuta nimevaa shati lenye makunyanzi, kola imelala kama sikio la mbuzi, na ukiniuliza kwa nini kijana mzima hupigi pasi nitakujibu kwamba nilikuwa na haraka. Uongo huo nimeuchoka. Leo nasema kweli, hata kama aibu itanirudia upya (na imerudi, masikio yananiwaka hapa nilipo).

Wakati ule nilikuwa karani wa majaribio kwenye kiwanja kidogo cha ndege, cha changarawe, njia ya kuelekea mlango wa Ruvuma. Jina la kijiji siliandiki kwa sababu watu wake wangali wananicheka. Majaribio yalikuwa ya miezi sita na ulikuwa umebaki mmoja, baada ya hapo msimamizi wetu, Ndugu Chilumba, aniandikie barua ya kunithibitisha kazini, au anirudishe Mpapura kwenye mikorosho ya baba, ambako mama alikwisha kuwatangazia watu wote kwamba mwanawe Issa sasa ni bwana ndege. Barua hiyo niliiwaza nikila, nikaiwaza nikioga, nikaiwaza hata nikiwa kwenye sala, Mungu anisamehe.

Nilikuwa nimeishia darasa la saba. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa kamusi iliyokosa kurasa za mwisho (maneno ya herufi za mwisho nayakisia hadi leo) na kwa kitabu cha kanuni za usafiri wa anga, ambacho nilikinakili chote kwenye madaftari mara mbili, kwa kuwa nakala ya kwanza iliingia doa la wino. Sura niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya makosa na adhabu. Ilinituliza roho. Rubani akivunja kanuni hakamatwi na polisi wala hawekwi ndani: anaandikiwa taarifa ya kosa, anapewa siku kumi na nne za kujibu, mkaguzi anakuja kusikiliza pande zote, kisha ndiyo uamuzi unatoka, labda onyo, labda faini, labda kunyang'anywa leseni. Kila kitu kina hatua yake na kila hatua ina fomu yake. Niliwaza, laiti dunia nzima ingekuwa hivi.

Basi tukaletewa habari kwamba Jumamosi mgeni mkubwa kutoka Dar es Salaam atakuja kwa ndege kufungua zahanati ya kijiji. Ndugu Chilumba akatuambia tusafishe kiwanja. Mzee Nalinga, mfyekaji wetu, akafyeka. Mimi nikapaka chokaa mawe ya pembeni, nikayapaka tena, nikatazama juu nikauona mfuko wa upepo.

Ni mfuko mrefu wa kitambaa cheupe, wazi huku na huku, unaning'inia juu ya mlingoti kumwonyesha rubani upepo ukoje. Ukilegea, hewa imetulia. Ukinyooka kabisa kuelekea pembeni, upepo ni mkali. Hayo niliyajua, nilikuwa nimeyanakili mara mbili. Lakini siku ile sikuona kifaa, niliona nguo chafu, rangi ya vumbi la Mtwara, imelegea kama suruali ya mlevi, mbele ya mgeni wa taifa! Nikaishusha. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo kiasi hicho.

Nikaipeleka kwa mama mwenye nyumba wangu, Bi Somoe, ambaye kanzu za mumewe zilisifika kijiji kizima kwa kukauka kama ubao.

“Issa, mwanangu,” akasema, akiigeuza geuza, “hii suruali ya nani, yenye mguu mmoja?”

“Ya serikali, Bi Somoe.”

“Serikali ina mguu mmoja? Haya, sabuni ile pale. Na ukitaka ikae vizuri, wanga wa muhogo uko kwenye kopo. Kijiko kimoja tu kwenye maji, umesikia?”

Nilisikia. Lakini nilipoweka kijiko kimoja maji yalionekana mepesi, nikaongeza cha pili, nikafikiria mgeni wa taifa, nikamimina kopo zima. Nikaianika, nikaipiga pasi ya mkaa ndani na nje, na Jumamosi asubuhi nikaipandisha mlingotini. Wallahi ilipendeza. Nyeupe, imenyooka, haina kunyanzi hata moja, imetulia hewani ikikatisha kiwanja kama mkono wa askari wa barabarani. Nilirudi nyuma hatua kumi kuitazama na machozi yalinilenga.

Saa nne watu walikuwa wamejaa, ngoma zinapigwa, watoto wa shule wana vibendera, katibu wa tawi la chama amevaa suti ya Kaunda mpya, na jua linachoma bila hata chembe ya upepo. Ndege ikaja. Ikazunguka. Ikazunguka mara ya pili. Watu wakapiga vigelegele wakidhani ni heshima. Mara ya tatu ikashuka chini kabisa, ikapita juu ya vichwa vyetu ikinguruma, watoto wakatawanyika, ngoma ikabiringika, na katibu wa tawi akajitupa kwenye shamba la mihogo na suti yake mpya. Kisha ndege ikanyanyuka, ikageuza, ikarudi ilikotoka.

Tulibaki tumetazama angani mpaka sauti ikaisha.

“Wanga,” akasema Mzee Nalinga taratibu. “Nangu, mimi hapa, nilisema zahanati hii ina maadui. Ndege imezuiwa na wanga.”

Neno likaenea kama moto wa nyasi. Wanga! Wachawi! Wanawake wakaanza kukusanya watoto. Na mimi, msomi wa madaftari, sikuvumilia, nikapanda juu ya kreti la soda nikapaza sauti: “Ndugu wananchi, huu ni wakati wa maendeleo! Hakuna wanga hapa! Mtu akinionyesha wanga kwenye kiwanja hiki, mimi naacha kazi leo! Kuna rubani aliyevunja kanuni, amepita chini juu ya mkusanyiko wa watu, na sheria itamwandikia!”

Nilipigiwa makofi. (Siyapendi makofi tangu siku hiyo.)

Ndugu Chilumba alinivuta pembeni. “Issa, acha. Mgeni atakuja kesho kwa Landrover, zahanati itafunguliwa, yataisha.”

“Ndugu Msimamizi, kanuni ni kanuni.”

“Aandikiwe!” akapaza sauti katibu wa tawi, majani ya muhogo bado yako begani. “Anidhalilishe mimi mbele ya raia? Aandikiwe!”

Ndugu Chilumba akasaini. Ilikuwa taarifa nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga taipu, nakala tatu, haina kosa hata la nukta, na mwishoni nikaongeza sharti nililolikuta kitabuni: vifaa vyote vya kiwanja vibaki kama vilivyokuwa siku ya tukio, visiguswe, mpaka mkaguzi avione kwa macho yake.

Siku ya tatu nilikuwa nimekaa kizingitini nakunywa chai. Kiwanja kilikuwa kimefungwa kumsubiri mkaguzi, hakukuwa na ndege wala kazi. Moshi wa jiko la Bi Somoe ulikuwa unapanda wima, haupindi hata kidogo. Nikautazama. Kisha nikautazama mfuko wa upepo. Umenyooka pembeni, kakakaka, kama umekutana na tufani. Nikautazama moshi tena.

Chai ilinimwagikia mapajani na sikusikia moto.

Wenzangu, sijui niwaelezeje zile siku zilizofuata. Rubani angeweza kupoteza leseni kwa kitu nilichokitia wanga mwenyewe. Na kuukung'uta ule mfuko siwezi, kuusuuza siwezi, nimejikataza kwa mkono wangu mwenyewe kwa nakala tatu! Kila alfajiri umande uliulegeza kidogo, ukainama, nikapata tumaini, na kila ikifika saa tatu jua liliukausha ukasimama tena. Niliomba mvua, na msimu wa mvua ulikuwa bado mbali. Nilikwenda mlangoni kwa Ndugu Chilumba mara saba kumwambia, na mara saba nikamwomba pini za karatasi. Alidhani nazila.

Mkaguzi akafika. Kikao kikakaa darasani, na kijiji kizima kikajaza madirisha. Kapteni Salehe, rubani, alikuwa mtu mpole, amekaa na kofia magotini, na kola yake, nililiona hilo mara moja, haikupigwa pasi.

“Kapteni,” mkaguzi akamuuliza, “unakubali kwamba ulipita chini juu ya watu?”

“Nakubali, Ndugu Mkaguzi. Mfuko wa upepo ulikuwa unaniambia kuna upepo mkali unaokatisha kiwanja. Vibendera vya watoto vilikuwa vimelala. Nikashuka nihakikishe lipi ni la kweli, sikuweza kujua, na nina mgeni wa taifa nyuma yangu. Nikarudi. Kama kuna aibu, afadhali aibu.”

“Hapakuwa na upepo siku hiyo!” akadakia katibu wa tawi. “Suti yangu ililowa jasho!”

“Leteni huo mfuko,” akasema mkaguzi.

Ukaletwa na watu wawili, wameubeba kama ubao wa jeneza. Wakausimamisha ukutani. Ukasimama wenyewe.

“Hii ni nguo au ni bati?” mkaguzi akauliza. Hakuna aliyecheka bado. “Nani anaweza kunieleza kilichoipata?”

Kapteni Salehe alikuwa anaitazama kofia yake. Nilifikiria barua yangu, nikamfikiria mama. Miguu ilisimama kabla sijaiamuru.

“Ndugu Mkaguzi,” nikasema, “ni wanga.”

Darasa likalipuka. Mwanamke mmoja akapiga ukelele. Mzee Nalinga akarusha mikono juu dirishani: “Nangu nilisema! Nilisema!” Katibu wa tawi akasimama ananinyooshea kidole: “Kumbe hata wewe, Ndugu Issa? Wewe uliyetuhutubia juu ya kreti?”

“Siyo wanga hao!” nikapiga kelele. “Wanga wa muhogo! Wa nguo! Niliufua, nikautia wanga, nikaupiga pasi!”

“Si nilimwambia kijiko kimoja!” Ilikuwa sauti ya Bi Somoe, kutoka dirisha la nyuma. “Kijiko kimoja! Na kopo langu hajanirudishia mpaka leo!”

Mkaguzi aliupitisha ukucha wake juu ya kitambaa, unga mweupe ukamwagika mezani, na hapo ndipo kicheko kilipoanza, nje kikaingia ndani, mpaka katibu wa tawi akakaa akafuta machozi kwa leso. Aliyecheka kidogo kuliko wote alikuwa Kapteni Salehe. Alinipa ishara ya kichwa tu, na ishara hiyo iliniuma zaidi ya kicheko.

Mashtaka dhidi yake yakafutwa palepale. Kisha mkaguzi akafunga jalada. “Sasa kuna kosa jingine, la kuharibu kifaa cha kuongozea ndege. Utaratibu ufuatwe. Katika ofisi hii nani anajua kuandika taarifa ya kosa?”

Macho yote yakanigeukia.

Nikajiandikia. Nakala tatu. Nikajikabidhi, nikasaini kuipokea, nikajipa siku kumi na nne za kujibu. Nilijibu siku hiyohiyo, neno moja, “Nakiri,” na mkaguzi akanirudishia kwa sababu, mimi Issa, nilisahau kuweka tarehe.

Nilipata onyo la maandishi na miezi mitatu zaidi ya majaribio. Barua ya kuthibitishwa ilikuja baadaye, na Ndugu Chilumba aliponikabidhi alisema, “Ilikuwa nikufukuze. Lakini ulisimama bila kuitwa jina.” Mama hajui hadithi hii, nawaombeni.

Mfuko wa upepo nilioutundika tena ulikuwa mchafu, na nikauacha hivyo. Ilinichukua muda kukubali kwamba kuna vitu kazi yake ni kulegea, na ukivinyoosha umevinyima ukweli wake. Kwa hiyo wanga hauingii kwenye nguo zangu tena, wala pasi haigusi kola yangu, hata siku nitakayooa. Na ndege ikitua salama kwenye kile kiwanja, Mzee Nalinga huegemeza fyekeo lake, akanitazama, akasema kwa sauti ili wote wasikie:

“Leo wanga wamelala.”