Mpaka rangi aliyeambiwa kuta hazikutaka rangi

Saa moja asubuhi, jua halijapata nguvu, Shangazi amesimama mbele ya ukuta mweupe na kikwangulio mkononi na hajui aanzie wapi. Anainua mkono, anaushusha. Anasogea hatua mbili kushoto, anarudi palepale alipokuwa.

Ukuta huo ni wa mnara wa waokoaji, katika ufukwe wa jiji. Aliupaka rangi yeye mwenyewe mwaka jana. Aliupaka na mwaka juzi, na miaka mingine ishirini na mmoja kabla ya hapo. Leo ametumwa autoe rangi yote.

"Ni kama umemsuka mtoto nywele, umemaliza, anatoka nje watu wanakwambia fumua, alikuwa mzuri zaidi zikiwa timtim," anasema. "Sasa nicheke au ninune? Bado sijajua."

Mlinzi wa lango, ambaye kiti chake hakiko mbali, anamtazama kwa muda kisha anashindwa kuvumilia.

"Shangazi, uguse tu. Ukuta hauumi."

"Njoo nikukwangue wewe kwanza, nione kama utanyamaza."

Kila mtu hapa humwita Shangazi, hata wanaomzidi umri. Ana miaka hamsini na mmoja, ni mwembamba, na ana madoa meupe kwenye kucha ambayo anasema hayajawahi kutoka tangu aanze kazi.

Ufukwe anaoutunza si wa kawaida. Watu hutoka mbali kuja kuutembelea, na wengi wao hawaogelei. Wanakuja kuangalia majengo. Kuna vyumba themanini na vinne vya kubadilishia nguo, vimepangwa kwa mstari mmoja chini ya paa refu la zege linalobebwa na nguzo nyembamba. Kuna ngazi inayojizungusha bila kuegemea kitu. Kuna mnara. Hakuna nakshi wala ua lililochongwa popote. Wasomi wanauita mtindo huo usanifu wa kisasa wa zama yalipojengwa, na wanasema ni mfano bora.

"Mimi miaka yote nilidhani hela ya mapambo iliwaishia," anasema Shangazi.

Anakumbuka mgeni mmoja aliyeruhusiwa kuingia kabla ya msimu wa kuogelea, akamwomba asogee kwa sababu alikuwa anaiharibu picha. "Nikamwambia, mwanangu, rangi bado mbichi. Mimi nikisogea, wewe ndiye utaegemea."

Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na minane, mume ameshaondoka, watoto wawili mkononi. Hakuwa na mbele wala nyuma. Aliajiriwa kuosha brashi. Aliyemfundisha kupaka ni fundi aliyekuwa akiitwa Mzee Taratibu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akifanya haraka.

Kazi yenyewe ni ya miezi minne, kabla ya ufukwe kufunguliwa, na hiyo minne ndiyo inayoilisha nyumba miezi kumi na miwili. Miezi mingine hupaka nyumba za watu akibahatika kupata. Kwa kazi hiyo watoto wamesoma, na binti yake sasa ni fundi cherehani. Kwa kazi hiyohiyo shingo ya Shangazi imekakamaa. Kutazama dari la paa refu siku nzima kumemfanya asiweze tena kulalia mto.

Miezi mitatu iliyopita walikuja wataalamu wawili. Mmoja ni msanifu majengo, mwanamke kijana. Mwingine ni mhandisi, mwanamume wa makamo. Jiji linataka kuyakarabati majengo, na kamati ilihitaji kuamua jambo moja: rangi ibaki, au ikwanguliwe yote na zege libaki tupu.

"Zege tupu halipakwi," anasema Shangazi. "Hilo nililielewa haraka kuliko mengine yote. Wakikwangua, kazi yangu imekwisha."

Msanifu alimweleza kwa upole, kama daktari anayetoa majibu. Kuta hizi zilikaa miaka ishirini bila rangi yoyote. Walioziumba walimimina zege ndani ya mbao, na mbao zikaacha alama zake, na alama hizo ndizo zilizokuwa pambo. Rangi ilikuja baadaye, kuficha ukungu.

"Hukukosea wewe, Shangazi," alimwambia.

"Basi nani?"

Msanifu akaangalia maji.

Asubuhi ileile mhandisi alimvuta pembeni. Yeye alisema rangi ndiyo iliyozuia chumvi isipenye. Bila hizo brashi zake, nondo zilizo ndani ya zege zingekuwa zimeliwa na kutu zamani.

Kwa hiyo kabla ya saa sita mchana Shangazi alikuwa ameambiwa kwamba ameziharibu kuta, na kwamba ameziokoa, kuta zilezile. Jioni aliporudi nyumbani aliupita mlango wake mwenyewe, akagonga kwa jirani. Jirani alipofungua, wote wawili walibaki wakitazamana.

Wataalamu walihangaika siku tatu wakitafuta mahali pasipowahi kupakwa. Walikwangua huku na kule kwa visu vidogo. Shangazi aliwaangalia, na hatimaye akauliza wanatafuta nini. Walipomwambia, aliwapeleka chini ya ngazi.

Pale, usawa wa kiuno, kulikuwa na kiraka cha zege tupu, kipana kuliko sinia na kirefu kidogo. Juma lake la kwanza kazini, Mzee Taratibu alimwonyesha pale akasema, "Hapa usipake." Yeye hakuuliza. Miaka ishirini na mitatu alikizunguka kiraka kile kwa brashi ndogo, kwa uangalifu, kila msimu.

Wataalamu walipiga magoti. Mistari ya mbao ilionekana wazi. Msanifu alipitisha kidole juu yake taratibu, na machozi yakamlengalenga. Katika ripoti aliandika kwamba fundi wa zamani alikiacha kiraka kile makusudi, kiwe shahidi kwa watakaokuja, na kwamba huo ni ushahidi kuwa hata wapakaji walijua kuta zilistahili kubaki tupu.

Shangazi alijisikia vizuri kwa ajili ya mwalimu wake. Jumapili akaenda kumpa habari.

Mzee Taratibu amekula chumvi nyingi sasa, anaishi kwa mwanawe, na siku hiyo alikuwa jikoni akichambua mchele. Masikio yake ni mazima. Ulimi ndio kabisa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja na habari au umekuja na njaa?"

"Habari. Wamekusifu kule ufukweni. Wanasema uliacha ushahidi."

"Ushahidi wa nini? Nani kaibiwa?"

"Ule ukuta wa chini ya ngazi. Si uliniambia nisipake?"

Mzee aliacha mchele akafikiri. "Aa, pale. Pale nilikuwa naegemeza mgongo mchana. Kuna kivuli kizuri. Rangi mbichi iliniharibia mashati mawili, nikasema basi, hapa sipaki."

Shangazi anasema aliona kiraka kile mbele ya macho yake, upana wake na urefu wake, na akaona mgongo wa mtu. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu kicheko kikakatika.

"Mbona uliniambia kama jambo zito?"

"Wewe siku zile ulikuwa mwoga, binti. Kila neno kwako lilikuwa zito."

"Na miaka yote hii hukuniambia."

"Hukuuliza," alisema Mzee, akarudi kwenye mchele.

Kamati ilikuwa inakutana Alhamisi. Shangazi alikaa siku nne ameshika tama. Akinyamaza, ripoti itapita na maneno yasiyo ya kweli, na rangi itakwanguliwa. Akisema, ataonekana anatetea tonge lake, na atakuwa amemvua Mzee sifa pekee aliyowahi kupewa.

Alimuuliza binti yake, aliyekuwa kwenye cherehani.

"Mama, nyamaza. Waachie kiraka chao," alisema binti bila kuinua kichwa. Alishona upindo wote wa sketi, kisha akasimamisha mashine. "Hapana, sema. Wakikwangua zote utakula nini?"

"Alinipa mashauri mawili," anasema Shangazi, "yote mazuri. Nikatoka pale nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia."

Alhamisi alienda na gauni la kutokea. Hakuwahi kuzungumza mkutanoni. Alisimama ameshikilia mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake, na aliyekalia kiti hicho akageuka kuona nani anamtikisa.

Akasema. Kiraka si shahidi. Mzee alikuwa anapumzika.

"Alikuwa anafanya nini?" aliuliza mwenyekiti.

"Anaegemea. Mgongo."

"Mgongo?"

"Mgongo, mheshimiwa."

Mtu mmoja nyuma alikohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa. Msanifu alifungua ripoti yake, akafuta mistari mitatu kwa kalamu, polepole. Kisha akasema kwamba sababu imebadilika lakini zege halijabadilika, na kilichoonekana chini ya ngazi bado ni kizuri. Mhandisi akainuka na picha: pembeni mwa kiraka hichohicho kuna ufa, na ndani ya ufa kuna kutu ya rangi ya chai, wakati sehemu iliyopakwa iko salama.

Walibishana saa mbili. Kila mmoja alipoongea, Shangazi alikubaliana naye.

Mwishowe kamati iliamua kwamba ukwanguliwe ukuta mmoja tu, uachwe tupu msimu mzima, kisha waangalie. Shangazi ndiye atakayeukwangua, kwa malipo yaleyale ya kupaka. Ndiye atakayeuchagua. Na msimu ukiisha, kabla ya uamuzi wa mwisho, naye ataulizwa maoni, na maoni yake yataandikwa.

"Nilidhani wananitania. Nikasubiri wacheke. Hawakucheka."

Angeweza kuchagua ukuta wa ndani, ule usiopigwa na upepo. Alichagua wa mnara, unaotazama maji, unaokula chumvi kuliko wote. Mlinzi alimwambia amejichimbia shimo, kwa sababu sasa atakwangua ukuta mgumu kuliko wote. Mhandisi alimwambia amefanya vyema. Msanifu alimwuliza kama ana hakika.

"Kama ni kujaribiwa, ujaribiwe kweli," anasema. "Zaidi ya hapo sijui kwa nini nilisema huo. Mdomo ulitangulia."

Leo, saa tatu inapokaribia, hatimaye ameanza. Rangi inatoka kwa matabaka. Nyeupe, nyeupe, kisha mstari mwembamba wa njano. Anautambua. Ni wa mwaka ambao ofisi ilikosea kununua, akaambiwa apake hivyohivyo, na mwaka uliofuata akaambiwa afunike.

Mchana, sehemu iliyokwanguliwa inapofikia ukubwa wa mlango, anavua miwani ya vumbi. Kwenye zege kuna mistari ya mbao, imelala sambamba, na katikati kuna jicho la ubao, la mviringo. Anaweka kidole ndani yake.

Msanifu, aliyekuja kukagua, anasimama nyuma yake. "Ni zuri?"

"Naona mbao."

"Lakini ni zege."

"Ndiyo. Hilo ndilo linanishinda. Unanionyesha jiwe, mimi naona mbao, na wewe unafurahi."

Msanifu anacheka. Shangazi anamtazama, si kwa ubaya, kama mtu anayesubiri amaliziwe hadithi.

Ufukwe utafunguliwa baada ya wiki sita. Katika miaka ishirini na mitatu Shangazi hajawahi kuingia siku ya watu. Kazi yake huisha siku moja kabla ya lango kufunguliwa, na lango likifunguliwa yeye huwa yuko kwenye nyumba ya mtu mwingine, juu ya ngazi nyingine. Mwaka huu ana mpango. Atalipa kiingilio kama mgeni yeyote. Atakuja na binti yake, atasimama wanaposimama wenye kamera, ayape maji mgongo, aangalie.

"Nikiona wanachokiona wao, nitawaambia waendelee, wakwangue zote, nami nitatafuta kazi nyingine. Nisipoona, nitasema sijaona."

"Na ukiona nusu?" anauliza mlinzi kutoka kwenye kiti chake.

Shangazi anajifuta vumbi kwenye kope kwa kiwiko.

"Basi kesho yake nitarudi," anasema, "nilipe tena."