Honi ya Gari la Harusi Yangu

Nakumbuka asubuhi moja ya Julai, mwanangu, baridi ya Makadara ikiuma, nami nimevaa shela nikisubiri kupelekwa kanisani. Nilikuwa na ombi moja tu: gari lipige honi njia nzima, Jogoo Road yote ijue naolewa. Siku hizo harusi bila honi ilikuwa kama matanga.

Gari tuliazimwa na jirani. Kioo chake cha nyuma kilikuwa na nyaya nyembamba za kukipasha joto, kiondokewe na ukungu. Kaka yangu Musyoka, aliyekuwa ameanza juzi tu kujifunza umeme wa magari, aliwasha swichi, akaona ukungu bado upo, akatangaza swichi imekufa. Hakungoja hata kidogo. Nami, badala ya kumtuliza, nikamhimiza afungue. Haraka haraka haina baraka, lakini bibi harusi humwambii kitu. Punde dashibodi ilikuwa imelazwa kitini, nyaya zimetapakaa kama matumbo ya kuku.

Baba, aliyezeekea udereva, akatoka na kikombe chake cha chai. Hakumgombeza mtu. Akamwambia Musyoka arudishe nyaya, akawasha injini na ile swichi, kisha akawaketisha shangazi zangu nyuma wakipulizie kioo pumzi kijae ukungu, ionekane ni waya upi haupashi joto. Walicheka hadi machozi, lakini wakapuliza. Tukangoja. Ukungu ukayeyuka mstari kwa mstari, ukabaki mmoja tu katikati, pale ambapo karatasi ya majina ya maharusi wengine ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe.

"Waya mmoja ndio umekatika," Baba akasema. "Nyinyi mmebomoa nyumba mkitafuta sindano."

Tukaondoka. Baba akabonyeza honi, kimya. Waya wake ulichomoka katika ile fumuafumua, na saa ilikuwa imekwenda. Nililia, mwanangu. Ndipo Shangazi Mueni akateremsha kioo, akatoa kichwa nje, akaanza, "Piiip! Piiip!" Wenzake wakampokea kwa vigelegele mpaka mlangoni pa kanisa, nami nikacheka shela ikanivuka.

Sasa nasikia mumeo kanuna siku mbili, nawe umeshafunga virago. Hasira hasara. Keti kwanza, ngoja, utazame ni waya upi uliokatika, maana huenda ni mmoja tu, na ukifumua vyote utapoteza hata kilichokuwa kizima. Mungu akujalie subira, mwanangu, na siku honi yako itakaponyamaza, akupe shangazi wa kukupigia.