Kipande cha Kandambili

Bi Mwaija hakumwamini mtu, na msidhani namsengenya. Mwenyewe alikuwa akilisema hadharani. Ukimpelekea salamu, atakuuliza umetumwa na nani na kwa nini leo. Ukimpa mkungu wa ndizi, ataugeuza chini juu kutafuta palipooza. Marehemu mumewe, Mungu amrehemu, aliondoka duniani bila kujua chumvi inafichwa wapi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Ndiyo maana kamati ya kijiji chetu, kule Kang'ata, ilimkabidhi ufunguo wa Landrova. Gari lilikuwa moja tu, na tulilipata mwaka wa sabini na tano, watu walipokuwa wamekwisha kuhamia kijijini na kupangiwa viwanja mstari mmoja. Wagonjwa wetu wote walipanda humo kwenda hospitali Korogwe. Mtunzaji wa kwanza alikuwa Salimu, mtu mpole, mwenye tabasamu kwa kila mtu. Akalipeleka gari mjini likafanyiwe matengenezo, akaenda zake kunywa chai, na aliporudi betri mpya ilikuwa imegeuka kuwa kuukuu. Mkutano ukamvua ufunguo, na tangu siku hiyo hakuitwa tena Salimu tu. Akaitwa Salimu Betri. Watoto, wakwe, hata waliomwamkia kwa heshima: shikamoo mzee Betri.

Bi Mwaija alipoupokea ufunguo aliufunga kwenye pindo la kanga akaapa moyoni kwamba yeye hatapewa jina. Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa kuliko chui. Mwanamke wa kwanza kushika ufunguo wa kijiji, halafu aje aitwe Mwaija Tairi? Thubutu!

Sasa, masika yakiingia, ukungu unalala kwenye mabonde yetu mpaka jua lipande, na wagonjwa lazima waondoke alfajiri ili wawahi foleni. Asubuhi moja Rehani, dereva, alikaribia kuvaa kundi la ng'ombe wa Wamasai. Aliona pembe zimeshafika kwenye boneti. Habari ikamfikia kijana wetu mmoja aliyekuwa akifanya kazi bandarini Tanga, naye akatuletea zawadi: taa mbili za ukungu, za kioo cha njano, za kufungwa chini kwenye bampa. Kamati ikafurahi. Bi Mwaija akazipiga kwa kucha, kioo kikalia, akauliza, "Na yeye kazitoa wapi?"

Fundi aliyepatikana aliitwa Kaleb Hiza, Msambaa mwenye asili ya Mashewa, ana kibanda chake Korogwe ya zamani, karibu na mto. Bi Mwaija alikwenda pamoja na Rehani, akakalia kopo la mafuta lililogeuzwa, uso kwa uso na injini. Chai aliletewa akaikataa. Chai si ndiyo iliyomponza Salimu?

"Shikamoo mama," alisema Kaleb.

"Marahaba. Kabla hujagusa kitu, tuhesabu." Akahesabu kwa sauti: betri moja, plagi nne, mikanda, vifuniko, mpaka bolti za bampa. Kaleb alicheka, lakini si kwa kejeli.

"Hesabu mama, hesabu. Na spana zangu nazo unihesabie, maana hata mimi sijui zipo ngapi. Kila anayepita hapa anaazima." Zilikuwa zimetapakaa chini kila mahali, nyingine zimezama kwenye vumbi. Bi Mwaija akamtazama kwa jicho la pembeni. Mtu asiyejua idadi ya spana zake! Huyo ama mjinga ama mjanja sana, na mjinga hawezi kufunga umeme.

Kazi ikaanza, na kila hatua ilimpa Bi Mwaija sababu mpya ya kukunja uso. Kaleb alichukua msasa akaanza kukwangua rangi kwenye chuma cha gari.

"We! Unatukwangulia rangi ya kijiji?"

"Waya wa kurudisha umeme lazima ushike chuma kitupu, mama. Ukiufunga juu ya rangi, taa zitafifia na waya utapata joto."

Kisha akafunga kijisanduku cheusi, kikubwa kama kiberiti, akakiita rilei. Akaeleza kwamba taa hizi zinakula umeme mwingi, na mzigo wote ukipitishwa kwenye swichi ndogo ya dereva, swichi itaungua. Kwa hiyo swichi inaamrisha tu, na mzigo unabebwa na kile kijisanduku. Bi Mwaija akaguna. Kisha, karibu kabisa na betri, Kaleb akaweka fyuzi, kijibomba cha kioo chenye uzi mwembamba ndani.

"Hiki ndicho kinacholinda gari. Waya ukigusa bati mahali fulani, kinakatika hiki kwanza, gari linapona. Nawapa kimoja cha akiba. Lakini kikikatika msikimbilie kubadilisha. Tafuteni kwanza kilichokikata."

Rehani aliitikia ndiyo fundi, ndiyo fundi. Lakini Bi Mwaija alikuwa amesikia neno moja tu: kikikatika. Kumbe anajua kitakatika! Fundi gani anafunga kitu leo huku akijua kesho kitakufa, kama si kutaka turudi kwake kila mwezi kama mgonjwa wa pumu?

Alikuwa na desturi yake: akishuku jambo halisemi, analifunga kwenye pindo mpaka litimie.

Walirudi kijijini, na taa zilipowashwa asubuhi iliyofuata ukungu ukafunguka mbele ya gari ukawa rangi ya chai ya maziwa. Rehani aliimba njia nzima. Mwenyekiti, Mzee Mhina, akamsifu Bi Mwaija mbele za watu, naye akapokea sifa huku akijiuliza mzee anataka nini kwake.

Siku ya tatu, akifuta gari peke yake, alifungua boneti akahesabu upya. Ndipo akaona. Pale waya mnene wa taa ulipopenya kwenye tundu la bati la mbele, palikuwa na kiduara cha mpira wa buluu. Akainama. Akaunusa. Mpira wa kandambili! Kandambili kuukuu, ya chooni pengine, imekatwa kwa wembe, ikapasuliwa upande mmoja na kuvikwa waya. Kijiji kizima, chenye katibu na mhuri, kimefungiwa ndala kwenye gari lake!

"Nimekupata," alisema Bi Mwaija, na wallahi alifurahi. Alikuwa amemtafuta mwizi tangu Korogwe, na sasa ushahidi ulikuwa huu hapa. Akauvuta taratibu, ukatoka wote kwa pale palipopasuliwa, akaufunga kwenye pindo la kanga pamoja na ufunguo. Angeuweka mezani kwenye kikao cha kamati. Lakini kilikuwa kipindi cha palizi kwenye shamba la kijiji, vikao vikaahirishwa, na kile kiduara kikakaa pindoni wiki tatu, kikifuliwa na kanga na kuanikwa nayo. Waya nao ukabaki kwenye tundu, mtupu, ukisuguana na ncha za bati kila Landrova iliporuka shimo. Na barabara yetu mnaijua.

Asubuhi moja taa zikazimika njiani. Rehani akafungua, akakuta fyuzi imekatika. Akatia ile ya akiba, akabonyeza swichi. Pa! Nayo ikakatika hapohapo. Akarudi kwa Bi Mwaija akiwa amezishika zote mbili kiganjani.

"Si nilijua?" alisema Bi Mwaija. "Huyo fundi kazitega."

Rehani akajikuna kichwa. "Bi Mwaija, sisi madereva tuna dawa yetu. Ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Unaiviringisha, unaitia mahali pa fyuzi, haikatiki ng'o."

"Haikatiki?"

"Haikatiki kabisa."

Bi Mwaija akatafakari. Kitu kisichokatika, kisichohitaji kurudi Korogwe kwa mtu wa kandambili. "Tia," alisema. Yeye mwenyewe, kwa kinywa chake.

Kesho yake Rehani aliondoka na wagonjwa wawili, mzee mwenye mguu uliovimba na Yuditha, mkunga wetu, aliyekuwa akitetemeka kwa malaria. Bi Mwaija alikaa mbele, kwa kuwa siku hiyo alipanga kupita kibandani amkabili Kaleb. Bondeni, kabla ya kufika Handeni, ukungu ulikuwa mzito kama uji. Rehani akawasha taa. Hazikumaliza hata dakika mbili. Kwanza ikaja harufu, kama ya mpira unaochomwa jalalani, kisha moshi ukatoka kwenye boneti, na moto ukaonekana kupitia mianya yake.

"Shukeni! Shukeni!" Rehani alipiga kelele. Bi Mwaija na Yuditha, mwenye homa zake, walimkokota mzee wakamlaza kwenye majani, huku Rehani akimwaga udongo kwa mikono na kung'oa waya wa betri mpaka viganja vikababuka. Moto ulikufa. Watu walipona. Mzee alibebwa kwa machela mpaka Handeni, na Landrova ikarudishwa Kang'ata kwa kuvutwa na trekta, nyaya zake za mbele zimeyeyuka zikashikana.

Kijiji kikachemka. Neno lililotembea nyumba kwa nyumba lilikuwa hujuma, na miaka ile neno hilo halikuwa la mchezo. Mtu angeweza kupelekwa wilayani kwa hilo na asirudi upesi. Mgambo wawili walitumwa Korogwe kumchukua Kaleb. Alikuja na mfuko wake wa spana, shati limelowa jasho, akasimamishwa mbele ya kamati.

"Ndugu fundi," alisema Mzee Mhina, "ulitufungia taa au ulitufungia moto?"

"Naomba nilione gari, Ndugu Mwenyekiti. Nikishaona nitajibu."

Wakatoka wote. Kaleb alifuata waya kwa kidole kutoka kwenye betri. Akaikuta ile karatasi ya sigara imeungua, akaitazama, akamtazama Rehani, na Rehani akatazama viatu vyake. Akaendelea. Alipofika kwenye tundu la bati, akainama akalipapasa. Pembeni mwa tundu palikuwa pameng'aa kwa kusuguliwa.

"Hapa nilitia mpira," alisema polepole. "Waya usikatwe na bati. Naona haupo. Nadhani umedondoka kwa mtikisiko." Akajifuta uso. "Basi hilo ni langu. Ningeufunga kwa uzi usingedondoka. Niandikieni kosa."

Bi Mwaija alikuwa nyuma yake. Kwanza alishuku, maana hiyo ndiyo ilikuwa pumzi yake: kwa nini huyu anajitwika kosa? Ana njama gani? Alitafuta njama hiyo kwenye uso wa yule kijana, akaitafuta kwenye mikono yake iliyotulia, hakuiona. Mtu huyu hakuwa amewaza hata kidogo kwamba kuna mkono uliouchomoa. Halikumpitia kichwani. Na Bi Mwaija akaona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani, aibu ya kumpanda mpaka kwenye masikio.

Hakuna aliyejua. Angeweza kunyamaza, na jina lake lingebaki safi.

Alifungua pindo. Akauweka ule mpira wa buluu juu ya boneti, na ufunguo kando yake.

"Haukudondoka. Niliuchomoa mimi. Na karatasi ya sigara, mimi ndiye niliyesema itiwe."

Mzee Mhina akauliza, "Ulikuwa unaufanyia nini, Bi Mwaija?"

"Ushahidi."

Huko nyuma mtu alishindwa kujizuia, akanong'ona, "Mwaija Kandambili," na kicheko kikapita kama upepo kwenye mahindi. Jina lilikuwa limeshapatikana. Mwenyekiti akauchukua ufunguo, akautia mfukoni.

Kaleb aliambiwa yuko huru, na akaombwa, kwa heshima sasa, alitengeneze gari. Akakubali. Watu wakatawanyika. Bi Mwaija naye aligeuka aende zake.

"Mama, naomba usiondoke."

Akageuka. Kaleb alikuwa ametandaza kitambaa chini. Alitoa spana mfukoni moja baada ya nyingine, akazipanga kwa mstari ulionyooka, ndogo kwa kubwa. Hakuwa akicheka.

"Zipo kumi na moja," alisema. "Zihesabu na wewe. Nikimaliza tutazihesabu tena, na vya gari vilevile, ili kesho asije mtu kuniuliza."

Bi Mwaija akapiga magoti kwenye vumbi. Moja, mbili, tatu. Alipofika ya nne hesabu ikampotea, na Kaleb akangoja, mkono juu ya mfuko wake, mpaka akaendelea.