Baba Christa Ndani ya Machine

Bwana yangu Timothée Kambale ni fundi wa mabomba ya maji. Hapa Vulamba, mutaa yetu, bamama banamujua kwa sauti: mbele ya kupiga hodi, anaimba kwanza cantique ya kanisa. Vitu yake yote anaweka ndani ya mufuko ya shemizi: kalamu, mètre ya kupimia, karatasi ya kazi, biskuti ya mutoto. Mie nilimupenda juu ya ile mufuko.

Ile mwaka ya vita, chantier yao ilikuwa inashusha maji toka mulima mpaka ku quartier yetu. Plan ilikuwa inageuka kila wiki. Leo basoda, baaskari ba vita, banajenga position yao pale bomba ilipaswa kupita; kesho barabara ya Beni inafungwa, mabomba ya chuma haifike, bafundi banatia ya plastiki. Kila kugeuza, ingénieur Xavier alikuwa anatia sahihi ku karatasi, banaita ordre de modification, halafu Delphine, karani wa bureau, anaiingiza ndani ya ordinateur, ile tunaita machine. Mule mulikuwa programme ya kutafuta zile ordre tu. Unaipatia numéro, inakuonyesha plan ilikuwa namna gani, nini iligeuka, juu ya nini, nani aliomba, nani alikubali.

Delphine alitoka Kisangani. Alikuwa anatembea na viatu ya kisigino ndani ya matope yetu, na haikuchafuka. Niliangalia sana, sikujua anafanya namna gani.

Kwetu, jina yake ilikuwa inafika ku meza mbele mboga ya sombe haijafika. "Delphine amesema ordre ya kumi na mbili imefutwa." "Delphine amenionyesha ku machine." Siku moja Ésaïe, fundi mwenye kutumika na bwana yangu, alimuita toka njiani:

"Kambale! Machine inauliza kama umeshakula!"

Bakacheka. Mie pia nilicheka, halafu nikaingia kumenya viazi. Niliimenya mpaka ikabakia kadogo kama mayai.

Nilifika mwaka ya sita ya primaire. Najua kusoma. Mais hakuna siku mutu alirudi nyumbani kusema: Abigaïl amenionyesha.

Jumamosi moja shemizi yake ilirudi na harufu ya marashi, ile ya duka. Sikuuliza. Nilishika sabuni, nikaifua kwa nguvu, mbele hata ya kuogesha mutoto. Ndani ya mufuko kukatoka kitu kama bugali ya baridi. Ilikuwa karatasi ya ordre, copie yake.

Nikaitupa ndani ya shimo ya takataka. Wiki mbili sikumuambia.

Halafu contrôleur akafika, mutu wa bale benye kutoa msaada ya chantier. Akapima na miguu yake: bomba imetoka ku plan metre makumi ine. Xavier alikuwa ameshakimbilia Kampala juu ya vita. Contrôleur akasema, kama hakuna ordre, basi ni Kambale aligeuza kwa kichwa yake mwenyewe. Kesho mangaribi atafukuzwa.

"Karatasi nilikuwa nayo," Timothée aliniambia. Alikuwa anatafuta hata chini ya kitanda.

"Niliifua," nikasema.

Aliniangalia. "Na numéro?"

"Sijue."

Asubuhi nikabeba mutoto wetu Christa mugongoni, nikamufuata ku bureau. Delphine akatafuta kwa jina. Akaandika Kambale, machine ikatoa mustari na mustari, haimalizike.

"Mais hawa Kambale bako bangapi?"

Kwetu mutoto mwanaume wa pili ni Kambale, donc nusu ya chantier ni Kambale. Yeye mugeni alikuwa anaandika lile jina moja tu, bila prénom, jina ya ubatizo. Contrôleur alikuwa anaangalia saa yake.

Nikavuta pumzi. Ile harufu ya marashi ilikuwa mule, hata ku rideau. Chupa ilisimama karibu na karatasi: alikuwa anapuliza juu ya kufukuza harufu ya mazout ya groupe, ile ya kuwasha umeme. Wivu ikashuka kidogo. Haikutoka yote.

"Mademoiselle," nikasema, "machine inajua siku?"

"Tarehe? Inajua, maman."

Nikatoa carte ya kupima mutoto ndani ya kikwembe nilijifunga. "Ile siku basoda balifunga njia, bwana yangu alikuja kutuchukua ku dispensaire. Karatasi ilikuwa mufukoni, wino ya cachet, muhuri ya bureau, ilikuwa bado mubichi, ikachafua kofia ya mutoto. Christa alikuwa na kilo sita na nusu. Angalia, tarehe ni hii."

Delphine akaandika. Ikatoka ordre mbili tu, na ya pili ilikuwa yetu: kuzungusha bomba metre makumi ine, juu ya position ya basoda. Aliomba Kambale, alikubali Xavier.

Contrôleur akasoma mara mbili. "Bon. Aendelee na kazi."

"Aksanti, Delphine!" Timothée akapiga mikono. "Machine yako imeniokoa!"

Nikakunja carte yangu, nikaificha.

"Machine?" Delphine akasema. "Sema aksanti kwa bibi yako."

Ile neno ilikuwa muzuri. Mais haikunitosha.

"Mademoiselle, ba Kambale bengine batakuja. Uandike vizuri."

"Niandike nini?"

"Vile tunaitana huku. Kambale, baba Christa."

Aliniangalia sana. Nazani alielewa yote, juu alishusha macho ku viatu yake, akacheka polepole. Akaandika.

"Lakini mie niko na prénom!" Timothée akasema.

"Nyamaza, baba Christa," Delphine akamujibu.

Nikaomba anigeuzie kioo ya ile machine. Nikasoma herufi moja moja. Sasa kila mara Delphine anamutafuta bwana yangu mule ndani, anapita kwanza ku mutoto wangu.